Tairi za bei nafuu kwa Altezza, Subaru na Mark II zenye moto: mwongozo kamili kwa tunaoendesha Arusha na Moshi

Wakuu, naandika hii kwa sababu swali ni lilelile kila mara. Mtu ana Altezza RS200 au Impreza yake ya mwaka 2003, kanunua tairi nne kwa hela ya kujibana, miezi mitano mbele zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, anarudi kuuliza "tairi gani nzuri ya bei poa?" Jina la tairi mara nyingi sio tatizo. Tatizo ni kwamba tunaanzia dukani, wakati hela ya tairi inaokolewa kabla hujafika dukani, yaani kwenye saizi unayochagua na kwenye miguu ya gari yenyewe.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke ya kwanza kwenda ya saba.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera na tochi inayowaka vizuri
- Kipimo cha kina cha meno ya tairi (kale kadogo ka plastiki kanatosha kabisa)
- Geji yako mwenyewe ya upepo, usitegemee ya kijiweni
- Jeki, stendi mbili za chuma, spana ya nati, na kama una mtu wa kukuazima spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) muombe mapema
- Tepu ya kupimia
- Bajeti ya tairi nne PAMOJA na kufunga, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), valvu mpya na alaimenti (kunyoosha magurudumu yaangalie sawasawa). Kama hela inaishia kwenye tairi tu, subiri mwezi mwingine, maana tairi mpya bila alaimenti kwenye gari ya miaka ishirini ni hela inayomwagika barabarani.

## Hatua ya 1: Soma tairi za zamani kabla hazijatolewa

Hapa ndo wengi wanapoteza. Fundi anazitoa, zinatupwa kwenye rundo, na ushahidi wote umeenda.

Egesha sehemu tambarare, kata stelingi mpaka mwisho uone tairi ya mbele yote, pima kina cha meno sehemu tatu kwa kila tairi: ndani, katikati, nje. Piga picha. Kisha pitisha kiganja taratibu juu ya meno, kwenda na kurudi.

Zimeliwa ndani tu? Gari imelalia ndani, mara nyingi kwa sababu imeshushwa au bushi (raba za kwenye viungo vya miguu ya gari) zimekwisha. Ukipitisha kiganja kwenda inateleza, kurudi inakwaruza kama msumeno, basi tairi haziangalii mbele sawasawa, hiyo inakula tairi haraka kuliko kitu kingine chochote. Katikati imeisha kabla ya pembeni ni upepo mwingi, pembeni zote mbili ni upepo kidogo. Mabonde mabonde yanayoruka ni shokapu imechoka au balansi haikufanyika.

Alafu inua mbele, weka stendi, shika tairi juu na chini uitikise, halafu kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini angalia beringi na boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu). Ikicheza kushoto na kulia angalia tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu). Altezza zinajulikana kwa boljointi za chini za mbele kuisha, na hiyo sio ya kuahirisha kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala.

Onyo: usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Umefanikiwa kama: unaweza kumwambia mtu kwa sentensi moja tairi zako zimekufa kwa nini. Kama huwezi, zijazo zitakufa vilevile.

## Hatua ya 2: Jua saizi ya gari, sio saizi uliyoikuta

Gari nyingi zetu zimebadilishwa rimu, iwe Japani au hapa hapa, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye tairi yako kinaweza kuwa ni chaguo la mtu mwingine kabisa. Fungua mlango wa dereva utafute stika. Zilivyotoka kiwandani ni hivi (GDB, SG5 na JZX100 ni kodi za toleo la gari): Altezza RS200 ni 215/45R17, Impreza STI ya GDB ni 225/45R17, Forester XT ya SG5 ni 215/60R16, Mark II na Chaser Tourer V za JZX100 ni 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma.

Kusoma ni rahisi. Kwenye 215/45R17 87W, 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana inayokuwa urefu wa ubavu, 17 ni inchi za rimu. 87 ni uzito ambao tairi moja inabeba, yaani kilo 545 (91 ni kilo 615). Herufi ya mwisho ni spidi ya juu, kilomita kwa saa: T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270.

Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya gari yako hata kidogo. Kuhusu herufi, mi kwa gari ya aina hii sishuki chini ya V, Forester naweza kukubali H. Sio kwamba utaenda 240 pale Boma Ng'ombe, ni kwamba tairi ya herufi ya juu imetengenezwa kuvumilia joto zaidi, na joto ndo linaloua tairi ukitoka hapa kwenda Dar mchana na gari imejaa watu.

## Hatua ya 3: Fikiria kushuka kwenda rimu 16

Hapa ndo penye hela wakuu, someni taratibu.

205/55R16 ni moja ya saizi zinazotumika zaidi duniani, gari kibao za kawaida zinaivaa. Kwa hiyo kila duka inayo, ushindani upo, na stoku inatembea haraka maana yake unapata tairi za tarehe mpya. 215/45R17 na 225/45R17 zinakuja chache, bei inapanda, na mara nyingi unauziwa iliyokaa sana.

Hesabu ya kipenyo iko hivi:

- 215/45R17: rimu ni 431.8, jumlisha ubavu mara mbili (96.75 × 2), unapata kama milimita 625
- 205/55R16: rimu ni 406.4, jumlisha 112.75 × 2, unapata kama milimita 632

Tofauti ni asilimia moja hivi. Spidomita ikisema 80 unaenda kama 81, hakuna kinachoharibika. Ila ubavu umeongezeka milimita 16, na hizo ndo zinazookoa rimu ukidumbukia kwenye shimo usiku au ukipita zile njia za mawe za mitaani kwetu. Rimu ya 17 yenye ubavu mwembamba ikila shimo moja baya, tairi inavimba, rimu inapinda, vyote kwa mpigo mmoja.

Utapoteza kidogo ukali wa stelingi, sikatai. Kwa anayekwenda kazini Njiro na wikiendi anakwenda Marangu, naona ni biashara nzuri. Na rimu zako za 17 unaziuza, hela inarudi kwenye tairi.

Sasa maonyo, na haya yameumiza watu:

STI yenye kalipa (kishikio cha pedi za breki) za Brembo haivai 16, inagonga kalipa. Usijaribu kulazimisha, baki na 17.

Nafasi za nati hazifanani. Altezza ni 5×114.3. Impreza nyingi za zamani ni 5×100, STI ndo ilihamia 5×114.3 kuanzia modeli ya 2005. Tundu la katikati nalo: Toyota hizi ni milimita 60.1, Subaru ni 56.1. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu (kitovu cha gari kinachoshika rimu) inataka ringi ya kujazia, la sivyo gari itatetemeka na fundi atakufanyia balansi mara tano bila kupona.

Nati za Toyota uzi wake ni 12×1.5, za Subaru ni 12×1.25. Zinaanza kuingia kama zinakubali, kisha zinakula uzi wa stadi (boliti za kwenye habu). Nati ikikataa kwa mkono, acha, usimruhusu mtu aweke mashine.

Umefanikiwa kama: umefunga rimu moja tupu mbele kabla ya kulipia, umeizungusha kwa mkono, umekata stelingi pande zote, na haigusi kalipa wala mkono wa chini. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, ondoka.

## Hatua ya 4: Subaru na 4WD nyingine, ni nne au acha

Subaru inazungusha magurudumu yote muda wote, na kati ya mbele na nyuma kuna kifaa kinachogawa nguvu. Tairi mpya mbele na zilizoisha nyuma hazina mzunguko sawa, kwa hiyo kile kifaa kinafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, kinachemka, kinakufa. Ukikata kona kali kwa mwendo mdogo unasikia gari inajishika na kugugumia. Hapo umeokoa hela ya tairi mbili umenunua gia boksi.

Nne za aina moja, saizi moja, muundo mmoja, na tofauti ya meno kati yao isizidi milimita moja hivi. Ukipata ajali ya tairi moja wakati nyingine bado nzuri, tafuta mwenzake aliyetumika kwa kina kilekile. Hii ndo sehemu pekee ambapo mtumba nauelewa.

Altezza na Mark II za kuvuta nyuma unaweza kununua mbili mbili. Mbili mpya zinakwenda NYUMA. Najua wengi wanaweka mbele kwa sababu ya stelingi, lakini mbele ikiteleza gari inakwenda moja kwa moja na ukipunguza mwendo inarudi, nyuma ikiteleza kwenye mvua gari inageuka kabla hujajua kinachoendelea, tena hizi zenye nguvu nyuma. Ule mteremko wa Kikavu mwezi wa nne sio sehemu ya kugundua hilo.

## Hatua ya 5: Chagua daraja la tairi

Usinunue ya bei ya chini kabisa na huna haja ya ya bei ya juu kabisa. Katikati pale kuna Wakorea kama Hankook, Kumho na Nexen, kuna Apollo ya India, Maxxis ya Taiwan, na Wachina wazuri wapo pia, wanatofautiana sana kwa hiyo soma ubavu wa tairi badala ya kusoma jina.

Kwenye tairi nyingi pameandikwa TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Treadwear ni uimara wa kuliwa: 400 kwenye kipimo hudumu kama mara mbili ya 200. Kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe kwa hiyo usilinganishe kampuni na kampuni kama vile ni mizani moja. Kwa matumizi yetu mi natafuta 300 mpaka 450. Chini ya 200 ni laini za kushindania, zitakwisha hujazifurahia. Traction iwe A au AA, hiyo ni breki kwenye maji, na hapa usibanie. Temperature iwe A.

Kisha fanya hesabu ya kilomita. Mfano wa kuonyesha tu: tairi ya 180,000 inayokwenda kilomita 25,000 ni shilingi 7.2 kwa kilomita. Ya 260,000 inayokwenda 45,000 ni kama shilingi 5.8. Ya "ghali" ndo nafuu, na bado hujahesabu kufunga na balansi mara mbili.

## Hatua ya 6: Kuhusu mtumba

Msimamo wangu: kwa gari inayokimbia, mtumba hapana. Najua bei inavutia. Mimi mwenyewe nilishanunua jozi ya mtumba yenye meno mazuri ajabu, laini kwa mkono, nikajiona mjanja. Zilikuwa za theluji. Zilikwisha kama kifutio, na kwenye kona za lami yenye joto nyuma ilikuwa inaelea.

Kama hali imebana na huna njia, angalau angalia haya:

Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye kinyota cha theluji ndani yake. Ukiiona rudisha. Hizo ni za baridi ya Japani, raba yake ni laini mno kwa joto la huku, na Moshi ndo kabisa.

Angalia ndani ya mifereji kuna vibonge vidogo, vimeoneshwa na herufi TWI au kipembe pale begani. Vibonge hivyo viko milimita 1.6 kutoka chini. Kama mfereji unapita katikati ya kibonge na kukikata, tairi imechongwa upya kwa kisu. Hiyo ni hatari ya kupasuka, maana raba iliyobaki juu ya nyuzi ni nyembamba.

Ingiza mkono ndani, papasa. Kiraka kwenye eneo la meno kinavumilika, kiraka au uvimbe ubavuni hapana. Ndani kukiwa na unga mweusi au mstari uliosagika kuzunguka ubavu, tairi iliendeshwa bila upepo, imekufa hata kama nje inang'aa. Na kung'aa sana nje kwenyewe kunanipa wasiwasi, rangi nyeusi inaficha nyufa.

Ukiambiwa "tunaweka tyubu tu ndani, itakwenda", kataa.

## Hatua ya 7: Siku ya kununua

Usianze kwa kutembea juani kuanzia Kilombero mpaka Unga Limited. Andika meseji moja, itume kwa maduka matano au sita ya Arusha na Moshi yote, hata Dar kama una mtu wa kukutumia kwa basi: "Naomba bei ya 205/55R16 91V, tairi nne, na picha ya tarehe ya kila moja." Anayejibu na picha huyo ni wa kufanya naye kazi.

Tarehe ni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoiona geuza. Za chini ya miaka miwili lipa bei kamili, miwili mpaka mitatu omba punguzo, minne na kuendelea ziache. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndo mwisho hata kama meno yamejaa, kwa gari ya kasi na jua hili mi naishia 6.

Angalia pia zilikaa wapi. Tairi iliyopangwa nje ya duka kama tangazo, inapigwa jua toka asubuhi, hata kama ni ya mwaka jana usichukue hiyo, omba ya stoo.

Uliza bei moja ya jumla, tairi, kufunga, balansi na valvu, na udai risiti ya EFD. Tairi ikivimba wiki ya pili bila risiti hamna kesi.

Umefanikiwa kama: una tairi za aina moja, tarehe hazipishani zaidi ya miezi michache, na picha za DOT zote ziko kwenye simu.

## Hatua ya 8: Kufunga

Kaa pale pale, usiende kunywa chai.

Tairi yenye ROTATION na mshale, mshale uelekee mbele. Yenye OUTSIDE, maandishi hayo yawe nje. Inaonekana jambo dogo lakini nimeona gari nyingi zenye mishale inayoangalia nyuma upande mmoja, na hizo kwenye maji zinafanya kinyume cha kazi yake.

Valvu mpya zote. Rimu isafishwe ukingo kwa brashi ya waya, kutu ndo inayotoa upepo kidogokidogo. Balansi zote nne, sio mbili za mbele.

Nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa msalaba, na mwisho zikazwe kwa spana ya toki kama 100 Nm. Mashine ya upepo ikikaza mpaka mwisho inavuta stadi na inapindisha diski, kisha unalalamika breki zinatetemeka.

## Hatua ya 9: Upepo, alaimenti, na kilomita za kwanza

Stika za Kijapani zinaandika kPa. 220 kPa ni kama psi 32, 230 ni kama 33. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, sio baada ya kutoka mjini, maana tairi ya moto inasoma juu. Kama umehama saizi anza na namba ya stika, kisha angalia meno yanavyoliwa. Wale wanaojaza 40 kwa kila gari waambie namba yako kabla hawajaunganisha mpira.

Alaimenti inafanyika BAADA ya kubadilisha bushi na boljointi ulizoziona hatua ya 1, na dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama mashine yao haitoi karatasi tafuta pengine. Gari iliyoshushwa sana inaweza isirudi kwenye vipimo bila boliti za kurekebisha, fundi mkweli atakwambia.

Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, tairi mpya ina utelezi juu yake. Ukienda Arusha mpaka Moshi, ile kilomita 80 hivi, ukifika acha zipoe kisha kaza nati upya. Njiani ukipita Usa River kuelekea KIA kule barabara imenyooka, shika stelingi kwa ulegevu (mikono isitoke) uone: haivuti upande, haitetemeki kuanzia 80, na stelingi imekaa katikati.

Ukifikisha kilomita 1,000 toa kile kipimo chako, pima tena ndani, katikati na nje kwa kila tairi, andika. Upande wa ndani ukiwa umeshuka zaidi ya nje hata kwa nusu milimita, rudi kwa fundi wa alaimenti wiki hiyohiyo na karatasi yake mkononi.